Darasa la Nyuma ya Ukuta

Eti babu alipenda elimu. Ndivyo baba mdogo alivyosoma siku ya mazishi, mbele ya watu waliojaa boma letu lote kule Matongo, kipaza sauti kikikoroma kama mtu mwenye mafua. "Marehemu alikuwa mpenda elimu. Hata uzeeni hakuona haya kukaa darasani na kushika chaki." Watu wakatikisa vichwa. Mchungaji akasema amina. Mimi nilikuwa nimekaa upande wa wajukuu, mwanangu ananyonya chini ya kanga, nikasikia damu inanipanda hadi masikioni.

Kwetu mjukuu na babu ni watani. Babu aliniita mke wangu tangu sijang'oka meno ya utoto, na mimi nilimwita kizee changu kisicho na meno, hakuna aliyeniambia nina adabu mbaya. Hata msibani mjukuu anaruhusiwa kusimama na kumtania marehemu, kumwambia afadhali umekwenda maana ulikuwa unatumalizia nyama. Watu wanacheka, msiba unapata pumzi. Basi waliponipa kipaza sauti nikasema ukweli mtupu.

"Babu, mume wangu, wewe hukupenda elimu. Wewe uliliua darasa. Ulikwenda kukaa pale ili mama yangu atoke."

Wakacheka. Wallahi wakacheka. Mzee mmoja akapiga mluzi.

"Sitanii!" nikasema.

Wakacheka zaidi, maana mtani hodari ndiye anayeapa kwamba hatanii. Nikarudisha kipaza sauti, nikakaa. Upande wa wakwe, wale wanawake walioolewa katika boma letu, mama yangu alikuwa ameinamisha kichwa na hakucheka. Kwa hiyo naandika. Kwenye maandishi hakuna wa kunikatiza kabla sijamaliza.

Nilikuwa nasoma darasa la pili wakati kisomo cha watu wazima kilipofika kijijini. Kilikuja kwenye bodaboda. Kijana wa kujitolea kutoka Turwa, kwenye kata za mjini Tarime, alikuja amekaa nyuma ya dereva, amejifunga ubao mgongoni kwa mpira wa baiskeli, na kwa mbali ungedhani kuna mlango unaotembea wenyewe barabarani. Sisi watoto tukamkimbilia. Alikuwa na viatu vilivyochongoka na sauti laini, na alimwamkia shikamoo kila mtu mkubwa kuliko yeye mpaka wazee wakachoka kuitikia. Mtendaji wa kijiji alikuwa ameshapita boma kwa boma akisema serikali inataka kila asiyejua kusoma aende, hasa akina mama, na asiyemruhusu mkewe aje ofisini aeleze kwa nini.

Darasa likawa kanisani. Si kanisa la bati na vioo. La udongo, na madirisha yake yalikuwa matundu yaliyopigwa juu kabisa chini ya paa, ili mbuzi wasiingize vichwa na kula maua ya madhabahuni. Mlango ulikuwa mmoja. Ndani kulikuwa na giza jepesi na harufu ya udongo uliomwagiwa maji, na ubao ulipoegemezwa ukutani ikaongezeka harufu ya chaki, ile harufu kavu inayokuja puani kabla hujaiona. Mpaka leo nikiisikia popote, hata dukani, natoka nje.

Wiki zile za kwanza mama yangu alikuwa mtu mwingine. Alikuwa na umri wangu huu wa sasa, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote: ninapomkumbuka simwoni mama, namwona msichana mwenzangu. Alikamua ng'ombe mapema, akasonga ugali mapema, akajifunga kitenge chake cha kwendea kanisani, akaondoka na mama mdogo Robhi, mke wa baba mdogo, wakicheka njiani kama mimi na wenzangu tulivyokuwa tukienda shule. Akirudi ana vumbi jeupe kwenye vidole, na hanawi mpaka lazima. Aliandika a na e kwa kidole kwenye masizi ya sufuria. Aliandika i kwenye mgongo wa ndama mwenye vumbi, ndama akakimbia na i yake, tukacheka hadi tukakaa chini.

Kwa nini alitaka kusoma? Nitasema, maana yule ofisa aliyekuja baadaye alidhani wanawake wanasoma ili wapate mwamko. Mama alikuwa na dada yake aliyeolewa Sirari, aliyemaliza la saba, na dada huyo alikuwa akimtumia ujumbe kwenye simu. Mama hakujua kuusoma. Anayejua alikuwa baba mdogo. Basi ujumbe ukiingia, mama anampelekea simu kwa mikono miwili, na baba mdogo anausoma kwa sauti pale pale zizini, mbele ya kila aliyepo.

"Dada yako anasema mguu wa mama yenu umepona. Anasema, subiri, anasema, ha! Anasema kama unapigwa umwambie." Anainua macho. "Haya, shemeji. Nimwandikie nini? Unapigwa?"

Na wanaume wanacheka, na baba yangu yupo pale pale anachonga mpini wa jembe.

"Mwandikie sipigwi," anasema mama.

Sitaeleza alikuwa anapigwa au hapigwi. Nasema tu kwamba mtu anayeulizwa jambo hilo anatakiwa aulizwe yeye, si zizi zima. Mama alitaka kusoma ili maneno ya dada yake yafike kwake bila kupitia mdomo wa mwanaume mwingine. Hicho tu. Hakutaka kuwa diwani.

Walimaliza zile herufi tano za mwanzo, a, e, i, o, u. Siku iliyofuata ilikuwa waanze ba, be, bi. Jioni hiyo nilikuwa zizini nashika ndama wakati baba mdogo alipomwambia babu, "Baba, wake zetu wanakwenda kukaa na kijana wa mjini mpaka jua linaelekea kuzama. Ng'ombe wanalia. Uji wako wenyewe siku hizi unakuja umepoa."

Babu alikuwa amekaa kwenye kigoda chake anajipaka mafuta miguuni. Hakukasirika. Babu hakuwa mtu wa kukasirika, alikuwa mtu wa kucheka.

"Mtendaji amesema wasome," alisema. "Wewe unataka niitwe ofisini, mura, kijana wangu? Mimi sikatazi mtu."

"Sasa tutafanyaje?"

"Tutasoma." Akanitazama, akanikonyeza. "Mke wangu, kesho unibebee kigoda. Na mimi nataka kujua hiyo a."

Nilifurahi hadi sikulala vizuri. Babu yangu anakwenda shule! Na mimi ndiye nitakayembebea kigoda! Kichwani mwangu mdogo niliwaona wamekaa kwenye benchi moja, babu na mama, wanasoma pamoja, mimi katikati.

Sasa kwa wewe usiye wa kwetu, nieleze. Mke wa mtu hakai chumba kimoja na baba mkwe wake. Hampiti mbele, hali mbele yake, hatamki jina lake, na wakikutana njiani mwanamke anaingia porini mpaka mzee apite. Na mkwe si baba wa mumeo peke yake; ni kila mzee wa rika lake katika ukoo. Wanasema si chuki, ni heshima. Mimi nilizaliwa nikaikuta hivyo, niliiona kama unavyoona mvua. Na wale wanawake wa kisomo, wote, walikuwa wameolewa kwenye ukoo wetu. Hakukuwa hata mmoja ambaye babu hakuwa mkwe wake.

Babu aliyajua haya yote alipokuwa anajipaka mafuta.

Tulifika darasani wameshakaa. Babu akaniambia niweke kigoda mlangoni. Mlangoni kabisa, kwenye kizingiti. Akakaa. Wanawake wakainuka wote mara moja, kama kuku walioona kivuli cha mwewe, wakataka kutoka, na hawakuweza kutoka kwa sababu njia ilikuwa moja na babu alikuwa ameikalia. Basi wakageukia ukuta. Wakajifunika kanga vichwani, nyuso zimegusa udongo, migongo kwetu. Mimi nikacheka. Nilidhani ni mchezo, kama tunavyojificha sisi kabla ya kutafutana.

"Shikamoo mzee," alisema mwalimu. "Karibu sana."

"Marahaba. Nimekuja kusoma. Endelea, mwalimu."

"Akina mama, mbona mmesimama? Kaeni tuendelee."

Sauti ya mama mdogo Robhi ikatoka chini ya kanga. "Mwalimu, mwambie mzee asogee tupite."

"Mpite mwende wapi? Somo ndiyo kwanza linaanza."

"Mwambie asogee!"

Mwalimu aliangalia huku na huku. Alikuwa mtoto wa Tarime huyo, alijua vizuri kinachoendelea, asiseme mtu kwamba hakujua. Akasema kwa sauti ndogo, "Mzee, samahani, labda usogee kidogo." Babu akainuka taratibu, kama amefanyiwa jambo la kusumbua, akasimama nje amewapa mgongo. Wakatoka mbio wameinama, mmoja baada ya mwingine. Mama yangu alikuwa wa mwisho. Alikuwa na kipande cha chaki mkononi na alitoka nacho. Babu akaingia, akachagua mahali pazuri mbele, akaniambia nikae karibu naye.

"Haya," alisema. "Darasa limepata nafasi sasa. Tusome."

Kesho yake wazee wengine wakaja, maana walisikia ni burudani.

Mama hakurudi nyumbani. Hili nataka lieleweke, kwa sababu hata leo kuna watu wanasema wanawake waliacha. Hawakuacha. Walikaa nje, upande wa nyuma, migongo kwenye ukuta wa kanisa, chini ya yale matundu yaliyo juu. Ndani mwalimu akisema ba, nje wanasema ba. Ndani akisema bata, nje wanasema bata. Walikuwa wengi kuliko walio ndani, na sauti yao ilikuwa kubwa kuliko ya walio ndani, na mikono yao ilikuwa inapukuchua mahindi ili wakirudi bomani wasiambiwe wamekaa bure. Walichokosa ni ubao. Hakuna tundu la kuonea ubao. Mtu wa kusoma asiyeuona ubao anajifunza nini? Anajifunza kuitikia.

Siku moja mama alijaribu. Nilisikia sauti yake inapanda ukutani.

"Mwalimu! Hiyo uliyoandika sasa hivi, ina sura gani?"

"Ni ka, mama," mwalimu akajibu, ameinua uso juu kwenye matundu. "Ni kama..."

"Mwalimu," babu akamkatiza. "Unatufundisha sisi au unafundisha ukuta?"

Wazee wakacheka mpaka mmoja akakohoa. Mwalimu naye akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayetaka kufika kwao salama. Hakumalizia kusema ni kama nini. Na mama hakuuliza tena.

Lakini walikwenda kumwona, yeye na mama mdogo Robhi, alipokuwa anasubiri bodaboda. Nilikuwepo, nimebeba kigoda. Walimwomba awafundishe asubuhi, wazee waje jioni.

"Mama zangu, mimi nimepangiwa saa tisa alasiri," alisema. "Asubuhi nina kazi nyingine. Na mzee nitamwambia nini? Nimfukuze? Mila ni zenu wenyewe, zungumzeni huko bomani."

Mama akazungumza bomani. Na baba yangu. Baba alikuwa ametoka mashimoni, kwenye mawe ya dhahabu, mweupe wa vumbi kuanzia nywele.

"Huyo ni baba yangu," alisema. "Unataka nimwambie mzazi wangu asisome? Watu watasema nini?"

Ona walivyojipanga. Mwalimu anasema mila, baba anasema watu, babu anasema sikatazi mtu, mtendaji yuko ofisini anasubiri aje wa kulalamika, na wa kulalamika hawezi kutamka jina la anayemlalamikia kwa sababu ni mkwe wake. Niambie mwanamke yule alikuwa atokee wapi.

Na mimi? Mimi nilikuwa ndani, nimekaa kwa babu, na nilikuwa na raha. Kusema hivyo kunanichoma kama pilipili jichoni, lakini ndivyo ilivyokuwa. Babu alinivunjia viazi vitamu vya kuchemsha alivyokuja navyo mfukoni. Hakuandika hata herufi moja. Alichora dume mwenye pembe pana, kila siku dume huyo huyo, na akichoka anasinzia na kidevu kinagusa kifua. Nilimpenda. Wakati mwingine niliwaonea wivu walio nje, walikuwa na upepo na walikuwa wanaimba masomo vizuri, huku sisi ndani tuna giza na wazee wanaonuka ugoro. Nilidhani wamechagua mahali pazuri.

Jioni mama alikuwa ananiuliza, "Leo mmeandika nini?"

"Babu kachora dume."

"Mwalimu je? Mwalimu kaandika nini?"

"Si umesikia? Kaandika baba analima."

"Nimesikia," alisema, na kugeukia jiko.

Mimi mtoto wa darasa la pili nilikuwa nazijua herufi zile zote. Ningeweza kumchorea kwenye majivu. Sikufanya, kwa sababu niliamini kabisa kwamba anajua. Shuleni kwetu mwanafunzi bora alikuwa yule anayesoma ukurasa mzima bila kuangalia ubao. Mwalimu alimpigia makofi. Na mama yangu alisoma ukurasa mzima anachota maji. Alisoma akikamua. Baba analima. Mama anapika uji. Watoto wanakula. Bata wa Bahati ametaga. Maneno yote, kwa mpangilio, bila kukwama. Nilijisifu kwa wenzangu kwamba mama yangu ni wa kwanza kisomoni.

Ikafika siku ya kufunga. Akaja ofisa kutoka mjini na gari jeupe ambalo lilikuwa jekundu kwa vumbi lilipofika, amevaa suti, akakalishwa kwenye kiti cha mchungaji. Siku hiyo wanawake walikuwa mahali pao pale pale, nyuma ya ukuta, ila sasa walikuwa na masufuria. Wanapika pilau ya mgeni. Soda zilikuwepo. Babu alivaa koti. Ofisa aliposikia kwamba mzee kuliko wote darasani ni huyu, akafurahi sana, akasema mzee asimame atusomee.

Babu akasimama. Akachukua fimbo yake, akaenda mbele ya ubao. Mwalimu alikuwa ameandika lile somo la kwanza la sentensi, na uso wake ulikuwa umelowa jasho.

Babu akaweka ncha ya fimbo chini ya neno la kwanza. Mimi nilikuwa karibu, nikasikia pumzi yake inatoka kwa pua inarudi kwa mdomo. Ofisa akatabasamu, akamngoja. Wazee wakaanza kuangalia miguu yao.

Halafu kutoka juu, kwenye yale matundu, pamoja na moshi na harufu ya vitunguu, ikaingia sauti ya mama yangu.

"Baba analima!"

Ilikuwa kali. Mama mdogo Robhi akaidaka, na wengine wote wakaidaka, wakaanza somo upya kutoka mwanzo, kwa nguvu zote, ukuta ukavuma: "Baba analima! Mama anapika uji! Watoto wanakula!"

Na babu, mjanja yule, akasogeza fimbo. "Baba analima," alisema, nyuma yao kidogo tu. "Mama anapika uji. Watoto wanakula."

Kanisa zima likapiga makofi. Mimi nilipiga hadi viganja vikawasha. Nilidhani mama amemwokoa babu kwa mapenzi, na kwamba sasa wamepatana. Ofisa alisimama, akampa babu mkono kwa mikono miwili.

"Mmesikia akina mama huko jikoni wanavyomshangilia mzee wao?" alisema. "Safi sana! Huu ndio upendo. Lakini niseme ukweli, nimesikitika. Darasani sioni mwanamke hata mmoja. Akina mama wa huku hamna mwamko. Fursa imeletwa mlangoni, nyie mnabaki kwenye masufuria. Igeni mfano wa mzee huyu."

Alikuwa anasema hayo ameinua uso kwenye matundu ili wamsikie vizuri. Nje hata vijiko vilinyamaza.

Babu alipewa blanketi na redio. Redio niliibeba mimi kichwani hadi bomani, natembea kwa maringo. Nilimkuta mama anasugua sufuria kwa mchanga, nikamwambia, "Mama, mmemsaidia babu vizuri!" Aliniangalia muda mrefu, macho yamekauka kabisa. "Kawape ndama maji," alisema.

Babu hakukanyaga kisomoni tena. Hakukuwa na kisomo cha kukanyaga. Mwalimu alijifunga ubao wake mgongoni akaondoka, na hakuletwa mwingine.

Ukweli niliujua nikiwa kidato cha pili, nimerudi likizo. Nilimkuta mama shambani ameshika mfuko, anaugeuzageuza. Akaniuliza, "Hii si ndiyo mbolea ya kukuzia?" Ilikuwa dawa ya kuogeshea ng'ombe. Imeandikwa kwa herufi kubwa kama kidole gumba. Nikamwambia asome mwenyewe, nikidhani ananitania. Akanipa mfuko. Nikasema, "Mama, si unajua kusoma? Bata wa Bahati?" Hapo ndipo aliponiambia, amekaa kwenye tuta, kuhusu mlango, na kigoda, na ukuta. Alinieleza kama anayemweleza mgeni njia.

"Lakini siku ile ulimsaidia," nilisema.

"Nani? Mimi?" Akatema mate pembeni. "Sikumsaidia. Nilitaka yule bwana wa suti ajue kuna watu nyuma ya ukuta."

Nikamwambia tuanze pale pale, nimwandikie kwenye udongo. Akakataa, akaangalia huku na huku kama tunaiba. "Siku nikijua kusoma nikiwa humu bomani, wataulizana nimefundishwa na nani. Na humu anayesoma si wewe peke yako? Tayari baba yako mdogo anasema umekua, ng'ombe wa kukuolea wapo. Anayewazuia ni huyo mzee, kwa sababu anakupenda. Akijua unanifundisha, hurudi shule. Akiwa hai yule, mimi sisomi. Wewe soma. Nenda."

Kwa hiyo mpenda elimu alinisomesha, ndiyo. Hilo nalo walisema mazishini na ni kweli. Alinilipia kwa ng'ombe wake, na akakaa juu ya mama yangu kama alivyokaa kwenye kizingiti. Mnaniuliza kwa nini nina hasira na marehemu aliyenipenda. Nina hasira kwa sababu alinipenda. Alijua kusoma ni kitu kizuri. Asingejua, ningemsamehe.

Na wewe msomaji wa rika langu, usiseme hayo ni ya zamani. Mimi mwenyewe bado nina mtoto mgongoni. Wale wanawake bado wapo, wanapeleka simu zao kwa mikono miwili. Na mimi pia nimeolewa, nina mkwe, na nikimwona anakuja miguu yangu inaanza kutoka njiani kabla sijaiambia.

Wiki ya pili baada ya mazishi mama alikuja kwangu Mugumu kunisaidia kulea. Ilikuwa mara ya kwanza kulala nyumba isiyo ya ukoo wetu tangu alipoolewa. Asubuhi alikuwa jikoni anachekecha unga, mtoto amefungwa mgongoni mwake analia, naye anambembeleza kwa kile alichonacho: "Ba, be, bi, bo, bu. Ka, ke, ki, ko, ku." Anaimba vizuri, hakosei hata mahali pamoja.

Nikachukua sinia lenye unga, nikalisawazisha kwa kiganja, nikaandika kwa kidole, kubwa.

"Mama, hii ndiyo ba."

Akaacha kuimba. Akasogea, akainama mpaka mtoto akamning'inia begani. Akaiangalia kwa juu, akazunguka akaiangalia kwa pembeni, kama anayekagua ng'ombe wa mahari.

"Hii?"

"Hiyo. Hiyo a yake unaijua."

"A naijua." Akaonyesha kwa kidevu. "Na hii ya mbele ndiyo niliyozuiwa kwa mzee mzima na kigoda mlangoni?"

"Ndiyo, mama."

"Hii tu?"

Akaweka kidole kwenye unga, akaifuata herufi taratibu kutoka juu hadi chini, akaizunguka tumboni, akarudia. Halafu akainuka, na mama yangu, ambaye maisha yake yote nimemsikia akizungumza kwa sauti ya kupita pembeni, akapiga ukelele uliomfanya jirani afungue dirisha:

"HII TU?"